Josiah Mwangi Kariuki

Josiah Mwangi Kariuki (21 Machi 1929 – 2 Machi 1975), aliyejulikana zaidi kwa herufi mbili, JM, alikuwa mwanasiasa na mbunge wa Kenya. Wakati wa Mau Mau alikaa kizuizini kwa miaka saba, na baada ya uhuru akawa katibu wa Jomo Kenyatta. Baadaye alikuwa mkosoaji mashuhuri wa serikali hiyohiyo aliyosaidia kuiingiza madarakani. Aliuawa Machi 1975. Bunge liliunda kamati teule kuchunguza kifo chake, nayo ikawataja maafisa wa usalama, lakini hakuna aliyewahi kufikishwa mahakamani kwa mauaji hayo.

Maisha ya awali

JM alizaliwa Kabati-ini, katika eneo la Nakuru kwenye Bonde la Ufa. Wazazi wake walikuwa Wakikuyu wenye asili ya Nyeri waliohamia mashamba ya walowezi wa Kizungu wakiishi kama maskwota: walipewa kipande cha ardhi cha kulima na kulisha mifugo, na kwa malipo yake walimfanyia mwenye shamba kazi. Mtoto aliyekulia katika hali hiyo alijua mapema kwamba familia yake ingeweza kufukuzwa siku yoyote. Jambo hili lisipokumbukwa, ni vigumu kuelewa kwa nini miaka thelathini baadaye suala la ardhi lilimchoma kuliko mengine yote.

Alianza shule mwaka 1938 lakini akaacha kwa kukosa karo, akafanya kazi katika shamba la mlowezi. Mwaka 1946 alishinda fedha katika kamari ya mbio za farasi, na kwa fedha hizo akarudi darasani akiwa tayari kijana mkubwa. (Mapenzi yake kwa mbio za farasi hayakumtoka hadi siku ya mwisho wa maisha yake.) Mwaka huohuo alimsikia Jomo Kenyatta, aliyekuwa ametoka Uingereza, akihutubia mkutano, naye akavutwa na siasa. Mwaka 1950 alikwenda Uganda kusoma sekondari katika King's College Budo, mojawapo ya shule zilizoheshimiwa sana Afrika Mashariki wakati ule.

Mau Mau na kizuizini

Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952. JM alirudi nyumbani siku hizohizo, akala kiapo na kuanza kuwasaidia wapiganaji. Alifungua hoteli ndogo Nakuru iliyokuwa mahali pa kupitishia ujumbe na misaada. Alikamatwa mwaka 1953.

Tangu hapo hadi 1960 alihamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine, zikiwemo Langata, Manyani, Lodwar na kisiwa cha Saiyusi katika Ziwa Viktoria. Hakushtakiwa mahakamani, wafungwa wa kambi hizo walishikiliwa kwa amri ya serikali tu, na aliyekataa kukiri kiapo hakuachiliwa. JM alijulikana kambini kwa kuandika barua. Aliandika malalamiko kuhusu chakula, kazi za kulazimishwa na vipigo, akayapitisha kwa siri hadi Uingereza, na zaidi ya mara moja alipigwa vibaya kwa sababu yake.

Baada ya kuachiliwa aliandika habari za miaka hiyo katika kitabu cha Kiingereza, "Mau Mau" Detainee, kilichotolewa na Oxford University Press mwaka 1963, mwaka wa uhuru wenyewe. Dibaji yake iliandikwa na Margery Perham, msomi wa Oxford aliyekuwa mtaalamu wa utawala wa kikoloni. Kilikuwa miongoni mwa vitabu vya kwanza kueleza kambi hizo kwa sauti ya mtu aliyekaa ndani yake, na hadi leo wanahistoria wanakitumia.

Ndani ya serikali

Alipotoka kizuizini JM alishiriki kujenga chama cha KANU huko Nyeri. Kenyatta alimfanya katibu wake binafsi, kazi aliyoifanya hadi 1969. Aliongoza pia Huduma ya Vijana kwa Taifa, iliyowachukua vijana wasio na kazi kuwafundisha ufundi na kuwapa kazi za kujenga barabara na kufyeka mashamba. Katika uchaguzi wa 1963 aliingia bungeni kama mbunge wa Aberdare, na kuanzia 1969 hadi 1974 alikuwa waziri msaidizi.

Katika miaka hiyo alitajirika. Alikuwa na shamba kubwa Gilgil, biashara mbalimbali na farasi wa mashindano, na alikuwa na wake watatu. Wapinzani wake hawakuacha kumkumbusha kwamba naye alikuwa mmoja wa watu walionufaika na uhuru, na ukweli ni kwamba hawakumsingizia. Tofauti yake na wenzake ilikuwa mbili. Kwanza, alitoa. Katika mikutano ya harambee ya kujenga shule na zahanati alichanga fedha nyingi, hata nje ya jimbo lake na nje ya kabila lake. Pili, alisema hadharani yale ambayo wengine waliyanong'ona.

Ukosoaji wake

Kiini cha hoja zake kilikuwa ardhi. Wakati wa uhuru Kenya ilikopa fedha kutoka Uingereza ili kununua mashamba ya walowezi, kwa utaratibu wa muuzaji aliye tayari na mnunuzi aliye tayari. Maelfu ya familia zilipewa viwanja katika miradi ya makazi, lakini mashamba mengi mazuri yaliangukia mikononi mwa mawaziri, maafisa wakuu na jamaa zao, waliokuwa na uwezo wa kupata mikopo. Wapiganaji wa msituni na wafungwa wa kambi, ambao wengi walikuta ardhi yao imekwisha gawiwa wakati wakiwa kizuizini, hawakuwa na fedha za kununua chochote. JM alisema utaratibu huo ulikuwa dhuluma, kwa kuwa Mkenya alitozwa bei ya kurudishiwa kitu alichonyang'anywa. Alidai mtu mmoja awekewe kikomo cha ardhi anayoweza kumiliki.

Alishambulia pia rushwa na upendeleo katika ajira. Onyo lake lililoenea kuliko yote lilikuwa kwamba Kenya ilikuwa njiani kuwa nchi ya mamilionea kumi juu ya ombaomba milioni kumi. Hesabu hiyo haikuwa ya kitakwimu, ingawa wakati ule idadi ya watu nchini ilikuwa imezidi milioni kumi. Ilikuwa njia ya kusema jambo ambalo kila mtu wa sokoni aliweza kulishika.

Ni muhimu kuona maneno haya yalisemwa wakati gani. Pio Gama Pinto aliuawa kwa risasi Februari 1965. Tom Mboya aliuawa Julai 1969. Oktoba mwaka huohuo chama cha upinzani cha KPU cha Oginga Odinga kilipigwa marufuku, na tangu hapo Kenya ikawa na chama kimoja tu. Hivyo ukosoaji wowote ulitoka ndani ya KANU yenyewe, na Bunge likabaki mahali pekee pa kuwauliza viongozi maswali. Tena JM alikuwa Mkikuyu, mpiganaji wa zamani na mtu wa nyumbani mwa Rais. Odinga aliweza kuelezwa kama kiongozi wa Waluo. JM hakuweza kuwekwa kando kwa njia hiyo.

Mikutano yake ilianza kunyimwa vibali. Kabla ya uchaguzi wa Oktoba 1974 alizuiwa karibu kabisa kuhutubia, lakini wapiga kura wa Nyandarua Kaskazini walimrudisha bungeni kwa kura nyingi. Safari hii hakupewa wadhifa wowote serikalini.

Kifo

Mapema mwaka 1975 mabomu yalilipuka Nairobi. Lile la tarehe 1 Machi lilikuwa ndani ya basi la kwenda Mombasa katika kituo cha mabasi, na watu 27 walikufa. Siku iliyofuata, Jumapili tarehe 2 Machi, JM alikwenda kwenye mbio za farasi za Ngong Road. Jioni alionekana katika Hoteli ya Hilton, katikati ya jiji, akiondoka pamoja na Ben Gethi, kamanda wa kikosi cha polisi cha GSU. Hakuonekana tena akiwa hai.

Tarehe 3 Machi mchungaji wa Kimaasai aliukuta mwili wake katika vilima vya Ngong. Ulipelekwa katika chumba cha maiti cha jiji ukaandikishwa kama wa mtu asiyejulikana, na ukalala humo kwa siku nane ilhali ni wa mbunge ambaye uso wake ulijulikana nchi nzima. Familia ilipoanza kuuliza, gazeti la Daily Nation lilichapisha habari kwamba yuko Zambia. Makamu wa Rais, Daniel arap Moi, naye alilieleza Bunge kwamba kadiri alivyojua yuko safarini huko. Tarehe 11 Machi familia iliutambua mwili.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliingia barabarani. Bungeni wabunge waliizomea serikali, jambo ambalo halikuwa la kawaida. JM alizikwa shambani kwake Gilgil.

Kamati teule ya Bunge

Katikati ya Machi, Bunge liliunda kamati teule chini ya uenyekiti wa Elijah Mwangale, mbunge kutoka Bungoma. Martin Shikuku, Charles Rubia na Grace Onyango walikuwa miongoni mwa wajumbe wake. Wabunge hawa hawakuwa wapelelezi na polisi hawakuwasaidia. Ripoti yao yenyewe inalalamika kwamba walizungushwa na kudanganywa. Hata hivyo waliwahoji mashahidi, wakafuatilia nani alikuwa Hilton jioni ile, na wakahitimisha kwamba polisi walishiriki kuficha ukweli. Walitaja watu waliopaswa kuchunguzwa zaidi, Gethi akiwa mmoja wao.

Ripoti iliwasilishwa bungeni tarehe 3 Juni 1975. Wajumbe walisimulia baadaye kwamba kabla ya hapo ilipelekwa kwa Rais, naye akataka majina mawili yaondolewe: la Mbiyu Koinange, waziri wa nchi katika ofisi yake, na la mlinzi wake mmoja. Majina hayo yaliondolewa.

Kisha kulikuwa na mvutano juu ya neno moja. Serikali, ikiongozwa na Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo, ilitaka Bunge liizingatie tu ripoti, maana yake isomwe na kuwekwa kabatini. Wabunge wa nyuma walitaka ikubaliwe. Waliishinda serikali kwa kura 62 dhidi ya 59. Tofauti ya kura tatu yaweza kuonekana ndogo, lakini katika Kenya ya chama kimoja serikali kushindwa katika jambo linalogusa ikulu lilikuwa tukio kubwa mno.

Malipo yake yalifuata haraka. Waziri Masinde Muliro na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu, waliopiga kura pamoja na washindi, walifukuzwa kazi. Kenyatta aliwaonya wabunge kwa mfano wa mwewe anayezunguka juu tayari kunyakua vifaranga. Oktoba 1975 Shikuku alisema bungeni kwamba kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama KANU ilivyokwisha kuuawa. Alipotakiwa athibitishe, Naibu Spika Jean-Marie Seroney aliamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji uthibitisho. Siku chache baadaye wote wawili walikamatwa katika majengo ya Bunge na kuwekwa kizuizini bila mashtaka, chini ya aina ileile ya amri iliyomfunga JM wakati wa ukoloni. Walitoka Desemba 1978, baada ya kifo cha Kenyatta.

Baada yake

Katika kesi za Pinto na Mboya watu walihukumiwa, ingawa wengi walishuku kwamba waliowatuma waliachwa. Kwa JM hata hatua hiyo haikufikiwa. Mapendekezo ya kamati hayakutekelezwa. Gethi aliendelea na utumishi, na Moi alipokuwa Rais alimpandisha kuwa Kamishna wa Polisi. Aliondolewa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, kwa sababu zisizohusiana na mauaji haya.

Wanafunzi wa Nairobi waliifanya tarehe 2 Machi kuwa siku ya kumkumbuka JM, na kwa miaka mingi siku hiyo iliwakuta polisi wakiwa nje ya malango ya chuo. Hospitali kuu ya Nyandarua, iliyoko Ol Kalou, ina jina lake.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya Kenya iliyapitia tena mauaji ya kisiasa, likiwemo hili, na mnamo Mei 2013 ikakabidhi ripoti yake kwa Rais. Rais huyo alikuwa Uhuru Kenyatta, mwana wa Jomo.