Strahlenberg: Mateka Aliyelinganisha Lugha

Philip Johan von Strahlenberg alizaliwa mwaka 1676 mjini Stralsund, uliokuwa chini ya Uswidi. Akiwa afisa wa jeshi la Uswidi, alitekwa na Warusi katika mapigano ya Poltava mwaka 1709, akapelekwa Tobolsk, Siberia. Huko hakukaa bure: alikusanya msamiati wa wenyeji, ukiwemo wa Wakalmyki, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kimongolia. Baada ya kurejea Uswidi, alichapisha kitabu mjini Stockholm mwaka 1730, chenye jedwali la kulinganisha lugha na lahaja 32. Alifariki mwaka 1747. Kazi yake yatukumbusha kuwa orodha ya maneno hufungua mjadala wa unasaba, haiukamilishi. Kiswahili kimekopa sita, saba na tisa kutoka Kiarabu, ilhali kingali lugha ya Kibantu.