Eli Lilly: Pamba ilimfilisi, kwinini ikamwinua

Mkulima wa Kilosa aliyewahi kulima pamba anaijua hesabu hii. Unaingia shambani na fedha za watu, mvua inakatika katikati ya msimu, na bei unaikuta imeshapangwa. Eli Lilly, Mmarekani ambaye jina lake limeandikwa kwenye maboksi ya dawa katika nchi nyingi, aliipitia hesabu hiyo mwaka 1866. Akabaki bila mazao, bila fedha na bila mke.

Ndugu msomaji, mwenye akiba kidogo siku hizi huambiwa kuwa utajiri uko kwenye hisa za kampuni za dawa za saratani, hasa zile zinazotafuta tiba ya saratani inayoletwa na vumbi la asbesto. Kampuni iliyotoa dawa ya kwanza kuidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huo ilianzishwa na huyu mkulima aliyefilisika. Ni vizuri kumjua kabla ya kutoa shilingi.

Lilly alizaliwa mwaka 1838 huko Baltimore, na familia yake ikahamia Indiana akiwa bado mdogo. Alipokuwa na miaka 16 aliliona duka la dawa katika mji wa Lafayette, akavutiwa, akajiunga kama mwanagenzi. Alifagia, aliosha chupa, alijifunza kuchanganya dawa. Mwaka 1861 alifungua duka lake mwenyewe, lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeanza na mwaka uliofuata akawa askari wa mizinga. Alitekwa mwaka 1864, akaachiwa mwaka uliofuata, na akamaliza vita akiwa na cheo cha kanali.

Hapo ndipo alipoingia kwenye kilimo. Alikodi shamba la pamba la ekari 1,200 huko Mississippi, akiwa na mbia. Bonde lile lilikuwa na mbu kama mabonde yetu ya Kilombero. Malaria ikaingia nyumbani, na Agosti 1866 mkewe, Emily, akafariki akiwa mjamzito. Ukame ukaharibu pamba. Mbia akatoweka na fedha zilizobaki. Lilly, mwenye mtoto wa kiume wa miaka minne, akatangaza kufilisika na kurudi kwao Indiana. Mtoto alilelewa kwa babu na bibi wakati baba akitafuta kazi.

Kwa miaka kama 10 aliajiriwa na kuingia ubia katika maduka ya dawa, na ubia mwingine ukavunjika. Mei 1876, akiwa na miaka 37, alifungua karakana ndogo mjini Indianapolis kwa mtaji wa dola 1,400 na wafanyakazi watatu. Mmoja wao alikuwa mwanawe Josiah, wakati huo akiwa na miaka 14.

Soko la dawa la wakati huo lilijaa matapeli. Mtu alichanganya pombe na majani, akabandika karatasi yenye maneno makubwa, akazunguka mijini akiuza. Lilly aliamua kuwauzia waganga wenye taaluma na wenye maduka dawa zilizopimwa kwa kipimo kilekile kila mara. Kati ya bidhaa zake za mwanzo ilikuwa kwinini, dawa ya ugonjwa uleule uliomuua mkewe. Kwinini ni chungu, kila aliyeimeza anakumbuka. Karakana yake ikawa kati ya zile zilizovifunika vidonge kwa jelatini ili vimezeke. Mwaka 1876 mauzo yalikuwa dola 4,470. Mwaka 1879 yalifika dola 48,000.

Si kwamba alikuwa malaika wa biashara. Dawa moja iliyompatia faida kubwa ilidaiwa kutibu kaswende, na leo hakuna daktari angemwandikia mgonjwa. Lakini faida ile hakuila yote. Mwaka 1881 aliisajili kampuni na kugawa hisa ndani ya familia, na mwaka 1886 akaajiri mkemia wa kudumu wa kupima ubora. Kwa kampuni ya ukubwa ule hiyo ilikuwa gharama nzito, na kwa maoni yangu ndiyo iliyoitofautisha na karakana nyingine. Karibu na mwaka 1890 alimwachia Josiah usimamizi. Alifariki Juni 1898 kwa saratani.

Mrithi aliendelea kulipa watafiti. Mwaka 1923 kampuni ilianza kuuza insulini kwa wagonjwa wa kisukari. Hisa ziliuzwa kwa umma kwa mara ya kwanza mwaka 1952, miaka 76 tangu karakana ifunguliwe.

Sasa tuje kwenye asbesto. Nyuzi zake ndogo, zinazotoka hasa pale mabati yake ya zamani yanapokatwa au kuvunjwa, zikivutwa zinaweza kuleta saratani ya utando wa mapafu iitwayo mesothelioma, mara nyingi baada ya miaka 20 hadi 50. Profesa mmoja wa kemia wa Chuo Kikuu cha Princeton, Edward Taylor, alianzia kwenye rangi za mabawa ya vipepeo, na katika miaka ya 1980 akaungana na watafiti wa Lilly. Kazi yao ilizaa pemetreksedi, inayouzwa kwa jina la Alimta. Iliidhinishwa Februari 2004. Mkulima wa Mgeta anavuna kabichi ndani ya miezi michache. Hapa walisubiri karibu miaka 20.

Na walivuna nini? Katika majaribio, waliopewa dawa hiyo pamoja na sisplatini waliishi kwa wastani miezi 12, badala ya tisa kwa waliopewa sisplatini peke yake. Haiponyi. Mabilioni ya dola yalitoka zaidi kwa wagonjwa wa saratani ya kawaida ya mapafu, ambao ni wengi, kuliko kwa wale wa asbesto, ambao ni wachache. Mrabaha wa Princeton ulitosha kugharamia jengo jipya la kemia lililofunguliwa mwaka 2010.

Kisha mwaka 2022 hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine kuitengeneza, ikafikia mwisho Marekani. Viwanda vingine vikaingia sokoni na mauzo ya Alimta yakaporomoka. Hisa za Lilly, zinazouzwa New York, hazikuanguka nayo. Wakati huo kampuni ilikuwa imeshapata dawa mpya za kisukari, ugonjwa ambao walianza kuutafutia dawa miaka 100 nyuma.