Freddie Mercury: Mzaliwa wa Zanzibar aliyechora nembo ya Queen

Dunia humkumbuka Freddie Mercury kwa sauti yake. Ni wachache wanaokumbuka kwamba diploma aliyoipata chuoni haikuwa ya muziki bali ya usanifu wa michoro, na kwamba nembo inayoitambulisha bendi ya Queen hadi leo ilitoka katika kalamu yake mwenyewe. Maisha ya mzaliwa huyu wa Unguja yanaweza kusomwa juu ya majalada ya santuri zake: yapo mambo aliyotaka watu wayaone, na yapo aliyoyaacha nje ya jalada kwa makusudi.

Kutoka Mji Mkongwe hadi Feltham

Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946 mjini Zanzibar, akapewa jina la Farrokh Bulsara. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, magharibi mwa India, wafuasi wa dini ya kale ya Zoroasta. Baba yake alikuwa keshia katika utumishi wa serikali ya kikoloni ya Kiingereza. Alipofikisha umri wa takriban miaka minane, mtoto huyo alipelekwa India kusoma katika shule ya bweni ya St Peter's, huko Panchgani. Huko alijifunza piano, akaunda na wenzake bendi ya shule iliyoitwa The Hectics, na huko ndiko alikoanza kuitwa Freddie.

Alirejea Zanzibar mwaka 1963. Hakukaa sana. Tarehe 12 Januari 1964 yalitokea Mapinduzi, na katika miezi iliyofuata familia ya Bulsara ikaondoka kisiwani kuelekea Uingereza. Ilifikia Feltham, kitongoji cha magharibi mwa London kilicho jirani na uwanja wa ndege wa Heathrow. Farrokh alikuwa kijana wa miaka 17.

Wakazi wa Jinja na Mbale hawahitaji maelezo mengi kuhusu safari ya namna hiyo. Miaka minane baadaye, Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia kutoka Uganda, akawapa siku 90 za kuondoka. Maelfu kati yao waliingia Uingereza wakiwa na mizigo michache tu. Mjini Jinja, miaka na majina ya wafanyabiashara hao bado yanasomeka juu ya kuta za mbele za majengo ya zamani. Huku jina lilibaki ukutani na mwenyewe akaondoka. Kwa kijana wa Zanzibar mambo yalikwenda kinyume: mwenyewe alibaki mbele ya macho ya watu, lakini jina lake la kuzaliwa likatoweka.

Mwanafunzi wa michoro

Baada ya masomo ya awali ya sanaa katika chuo cha Isleworth, Freddie alijiunga na Chuo cha Sanaa cha Ealing mwaka 1966, akahitimu mwaka 1969. Somo lake lilikuwa usanifu wa michoro, ufundi ule ule unaotumika katika mabango, vitabu na majalada ya santuri. Katika miaka hiyo alimhusudu mno mpiga gitaa Mmarekani, Jimi Hendrix, na akamchora mara nyingi.

Chuoni alikutana na Tim Staffell, mwimbaji wa bendi ya Smile, na kupitia kwake akafahamiana na mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor. Yeye na Taylor waliwahi kuuza nguo kuukuu katika soko la Kensington. Staffell alipojitoa mwaka 1970, Freddie akachukua nafasi ya mwimbaji. Ni yeye aliyependekeza bendi iitwe Queen, yaani Malkia, na kipindi hicho hicho akaacha jina la ukoo la Bulsara na kujiita Mercury. Mwaka 1971 John Deacon alijiunga nao kupiga gitaa la besi, na bendi ikakamilika.

Simba wawili, kaa na finiksi

Katika zama zile jalada halikuwa karatasi ya kufungia tu. Santuri kubwa ilikaa ndani ya bahasha ya mraba yenye upana wa zaidi ya sentimita 30, na mnunuzi aliishika mkononi kabla hajasikia hata noti moja. Bendi za roki, na baadaye zile za metali, zilijiwekea desturi zake: nembo isiyobadilika, maandishi yenye umbo la pekee, picha yenye fumbo, na jalada linalokunjuliwa kama kitabu. Rolling Stones walikuwa na mdomo mwekundu uliotoa ulimi, uliochorwa na John Pasche. Mwaka 1971 Led Zeppelin walithubutu kutoa santuri ambayo jalada lake halikuandikwa jina la bendi wala jina la albamu.

Mercury aliielewa desturi hiyo kama fundi anavyoielewa kazi yake. Muda mfupi kabla ya albamu ya kwanza kutoka, alichora nembo iliyofanana na ngao ya kifalme ya Uingereza. Kila kiumbe ndani yake kina sababu. Simba wawili ni Taylor na Deacon, waliozaliwa chini ya nyota ya Simba. Kaa ni Brian May, wa nyota ya Kaa. Viumbe wawili wa kike wenye mabawa ni Mercury mwenyewe, wa nyota ya Mashuke. Katikati imo herufi Q yenye taji ndani yake, na juu ya vyote ametandaza mabawa finiksi, ndege wa hekaya anayeungua akawa majivu kisha akazaliwa upya.

Albamu hiyo ya kwanza, iliyopewa jina la bendi, ilirekodiwa mwaka 1972, mwaka ule ule Waasia walipokuwa wakifungasha mizigo Kampala, Jinja na Mbale. Ilitoka Julai 1973. Mbele ilikuwa na picha ya mwimbaji jukwaani chini ya mwanga wa taa, na nyuma nembo ikiwa bado mchoro wa mistari mitupu. Hata majina ya wanamuziki yalipambwa: jina la Deacon lilipinduliwa likaandikwa Deacon John. Maelezo ya jalada yalisisitiza pia kwamba hakuna aliyepiga sinthesaiza. Ilikuwa njia ya kumhakikishia mnunuzi kwamba sauti zote za ajabu atakazosikia ni za magitaa na koo za binadamu. Tangazo la namna hiyo lilirudiwa katika majalada yaliyofuata, na bendi haikutumia chombo hicho katika albamu hadi mwaka 1980.

Weupe na weusi

Albamu ya pili, Queen II, ilitoka Machi 1974. Hapo mwanafunzi wa Ealing alionekana wazi zaidi. Badala ya upande wa kwanza na wa pili, santuri ilikuwa na Upande Mweupe na Upande Mweusi, na nyimbo zote za Upande Mweusi zilitungwa na Mercury. Mmoja wa nyimbo hizo aliutunga kutokana na mchoro wa Richard Dadd, mchoraji wa karne ya 19, uliohifadhiwa katika jumba la sanaa la Tate mjini London.

Picha ya jalada ilipigwa na Mick Rock. Nyuso nne zimetokeza katika giza zikiwa zimepangwa kwa umbo la almasi, na Mercury amekunja mikono kifuani. Mfano wake ulikuwa picha ya mwigizaji Marlene Dietrich ya filamu ya Shanghai Express ya mwaka 1932. Jalada likikunjuliwa, ndani ipo picha nyingine, na safari hii bendi imevaa nyeupe. Mwishoni mwa 1975 picha ile ya gizani ikapewa uhai katika filamu fupi ya wimbo wa Bohemian Rhapsody, na hivyo jalada likatangulia kuwa kielelezo cha video iliyotazamwa kote duniani.

Novemba 1975 ilitoka A Night at the Opera. Jalada lilikuwa jeupe, na nembo ya Mercury ikatawala katikati, sasa ikiwa na rangi kamili. Mwaka uliofuata ilifuata A Day at the Races, yenye nembo iliyotengenezwa upya juu ya jalada jeusi. Aliyeziweka albamu hizo mbili pamoja aliona ni pacha. Desturi hiyo ya kuuaminisha umma kwa alama badala ya nyuso ilienea sana baadaye. Tangu mwaka 1980 bendi ya Iron Maiden iliweka kiumbe wake Eddie, mchoro wa Derek Riggs, katika jalada baada ya jalada. Mwaka huo huo AC/DC walitoa Back in Black kwa jalada jeusi la kumwomboleza mwimbaji wao, Bon Scott.

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki muziki huo ulifika zaidi kwa kaseti. Jalada lilipungua likawa karatasi ndogo ya kukunjwa, yenye ukubwa wa kiganja. Picha kubwa ilipotea, lakini nembo, kwa kuwa ilikuwa alama, bado ilitambulika.

Yasiyoandikwa jaladani

Hata hivyo, jambo moja halikupata kuonekana mahali palipo wazi. Wapenzi wengi wa Queen walikaa miaka mingi bila kujua kwamba mwimbaji wao alizaliwa kando ya Bahari ya Hindi. Mercury hakupenda kuzungumzia utoto wake wala dini ya wazazi wake. Alama aliyowachorea wenzake ilisema kila mmoja alizaliwa chini ya nyota gani. Haikusema alizaliwa wapi.

Siri ya pili ilikuwa nzito zaidi. Alipougua UKIMWI, habari hizo zilibaki kwa watu wachache wa karibu. Mwaka 1989 ilitoka albamu ya The Miracle. Katika jalada lake nyuso nne zimeunganishwa kwa kompyuta zikawa uso mmoja, na ndani yake nyimbo zote zimeandikwa kuwa ni za bendi nzima, si za mtu mmoja mmoja kama ilivyozoeleka. Mashabiki waliuona mzaha wa kisanii, ilhali mmoja wa wale wanne alikuwa mgonjwa.

Mwaka huo huo, mwanamuziki wa Uganda Philly Lutaaya alichagua njia nyingine. Alitangaza hadharani kwamba anaishi na virusi, akazunguka akiwaelimisha vijana, na akafariki Desemba 1989. Wapo waliomcheka na kumkana, lakini ujasiri wake uliwafungua wengi midomo. Mercury alinyamaza karibu hadi mwisho. Alithibitisha ugonjwa wake kwa taarifa ya tarehe 23 Novemba 1991, na siku iliyofuata akafariki nyumbani kwake Kensington, akiwa na umri wa miaka 45. Mazishi yake yaliongozwa kwa ibada ya Zoroasta, dini ambayo hakupenda kuisimulia.

Ndege aliyebaki

Aprili 1992 lilifanyika tamasha kubwa la kumkumbuka katika uwanja wa Wembley. Mwaka huo kulianzishwa mfuko wa kupambana na UKIMWI ulioitwa Mercury Phoenix Trust. Jina lake ni la finiksi, ndege yule yule ambaye mwanafunzi wa michoro alimweka juu ya simba na kaa.

Mwaka 1995 wenzake walitoa Made in Heaven, albamu yenye sauti alizorekodi kabla ya kifo. Jaladani ipo sanamu yake akiwa ameinua mkono mbele ya ziwa la Geneva. Nyumbani alikozaliwa, kumbukumbu yake haikupokelewa kwa urahisi: mwaka 2006 sherehe ya kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe ilipingwa Zanzibar na kundi la Waislamu. Hatimaye, mwaka 2019, makumbusho yenye jina lake yalifunguliwa katika Mji Mkongwe. Mgeni anayeingia humo anakutana na neno ambalo majalada hayakulibeba: Zanzibar.