Mwalimu Milyukov na barua iliyomng'oa uwaziri

Sisi tunaosomea ualimu huwa tunaambiwa siasa tuwaachie wenyewe. Haya, nawaletea Pavel Milyukov, mwalimu wa historia aliyezaliwa Moscow mwaka 1859. Mwaka 1895 alifukuzwa kazi Chuo Kikuu cha Moscow kwa sababu mihadhara yake ilinukia siasa, akapelekwa kuishi Ryazan. Baadaye akafundisha Bulgaria, na mwaka 1903 akahadhiri Chicago, Marekani.

Mwaka 1905 walianzisha chama cha Kadet, chama cha waliberali waliotaka katiba na bunge lenye meno, na yeye akawa kiongozi wake. Novemba 1916, vita vikiwa vimepamba moto, alisimama bungeni akayataja madudu ya serikali moja baada ya jingine, akawaachia wabunge waamue kama ni ujinga au usaliti. Magazeti yalikatazwa kuichapa hotuba hiyo. Wapi! Nakala zilipita mkono kwa mkono hadi kwa askari.

Machi 1917 Tsar akaanguka, Milyukov akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Hapa ndipo ananishangaza. Mkate ulikuwa wa foleni, askari wamechoka, kila mtu anataka amani. Yeye bado anaiwazia Konstantinopoli, ambayo washirika waliiahidi Urusi wakishinda. Akawaandikia washirika hao kwamba Urusi itapigana hadi mwisho. Barua ilipojulikana, askari na wafanyakazi walijaa barabarani Petrograd wakitaka aondoke, na Mei akajiuzulu. Uwaziri wa miezi miwili tu! Simwiti mnafiki, maana aliamini mkataba ni mkataba. Ila aliyekuwa akifa kwa ajili ya mkataba huo hakuwa yeye.

Halafu mwaka 1918, akiwakimbia Wabolsheviki, jamaa huyohuyo akawaomba msaada Wajerumani! Chama chake kilibaki mdomo wazi.

Akaishia uhamishoni. Mwaka 1922 huko Berlin, watu wa Tsar walimfyatulia risasi kwenye mhadhara. Rafiki yake Vladimir Nabokov, baba wa yule mwandishi wa riwaya, alimrukia mmoja wao akauawa. Milyukov akapona, akahariri gazeti la Kirusi mjini Paris hadi 1940. Alifia Ufaransa Machi 1943, akiwa na miaka 84, huku akilitakia ushindi Jeshi Jekundu, jeshi la walewale waliomfukuza kwao.