Marehemu Jesse Brown, Rubani wa Jeshi la Majini

Mhariri ameniomba niandike maisha ya shujaa mmoja. Nimemchagua Jesse LeRoy Brown, Mmarekani mweusi aliyekufa katika vita vya Korea tarehe 4 Desemba 1950, akiwa na miaka 24. Huenda vijana mmeona filamu iliyotengenezwa juu yake mwaka 2022. Sisi wazee twaweza kuongeza machache.

Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1926 mjini Hattiesburg, jimbo la Mississippi, katika jamaa maskini. Mama yake alikuwa mwalimu. Katika jimbo hilo siku zile mtoto mweusi alitengewa shule yake, na ndani ya basi alitengewa viti vya nyuma. Jesse alitaka kurusha ndege. Mwaka 1937, angali mtoto, alimwandikia barua Rais Roosevelt kulalamika kwamba weusi hawaruhusiwi kuwa marubani wa jeshi, na barua yake ikajibiwa! Wanafunzi mnaoogopa kumwandikia hata mwalimu mkuu, mpo?

Alisoma Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, na kutoka alasiri hadi usiku wa manane akapakia mizigo kwenye mabehewa ya reli apate ada. Alipoomba urubani wa Jeshi la Majini alivunjwa moyo sana, lakini hakuacha. Hata ndoa yake na Daisy aliifunga kwa siri, maana wanafunzi wa urubani walikatazwa kuoa. Tarehe 21 Oktoba 1948 alivishwa mabawa, mweusi wa kwanza kumaliza mafunzo hayo ya msingi ya Jeshi la Majini.

Katika manowari ya kubebea ndege iitwayo Leyte alitumikia pamoja na Thomas Hudner, mzungu wa Massachusetts, mtoto wa watu wenye uwezo. Hudner alimzidi cheo, lakini wakiwa angani Brown ndiye aliyeongoza kwa sababu alikuwa na uzoefu zaidi.

Siku ile ndege sita aina ya Corsair zilipaa kwenda kuwasaidia askari wa Marine waliozingirwa na Wachina karibu na bwawa la Chosin. Risasi kutoka ardhini ziliipata ndege ya Brown, oili ikamwagika, injini ikafa, naye akaiangusha juu ya theluji mlimani. Wenzake walidhani amekufa, mpaka walipomwona akipunga mkono. Mguu wake ulikuwa umebanwa na chuma, na moshi ulikuwa ukitoka puani mwa ndege.

Hapo Hudner, bila kuamriwa na mtu, alishusha ndege yake mwenyewe kwa tumbo kando ya rafiki yake. Alijaza theluji kwenye injini kwa mikono ili kuzuia moto, akamvika kofia yake ya sufu. Helikopta ilikuja na shoka. Shoka likagonga chuma bila faida. Brown alimwomba amwambie Daisy kwamba anampenda. Giza likaingia, na helikopta ile haikuweza kuruka usiku. Hudner alimwahidi kwamba atarudi, akaondoka.

Baada ya siku chache ndege za kikosi chake ziliyachoma mabaki hayo kwa napalm, mwili ukiwa ndani, ili usiangukie mikononi mwa adui. Hudner alipewa nishani kuu ya Marekani tarehe 13 Aprili 1951, na Daisy alikuwapo.

Mwenzangu mmoja wa darasa, mhandisi mstaafu, hushikilia kuwa Hudner alikosea hesabu: ndege ya pili ilipotea na mtu hakuokoka. Kwa hesabu namkubalia. Lakini saa zile za mwisho Brown hakuwa peke yake kwenye baridi ile, na jambo hilo mhandisi wangu hajapata kulitia katika hesabu zake.

Mwezi wa Julai 2013 Hudner, mzee wa miaka 88, alisafiri hadi Pyongyang kuomba mifupa ya rafiki yake itafutwe. Mvua na mafuriko vilifunga njia, akaambiwa arudi Septemba. Alifariki Novemba 2017, Brown akiwa bado kule mlimani.