Freddie Mercury: Mzaliwa wa Unguja katika Sanaa ya Njozi

Sauti na rangi zina uwezo wa kuihamisha akili ya mwanadamu. Wadigo wa Ukunda na sehemu nyingine za Kwale walilitambua jambo hili tangu zamani. Katika ngoma zao za pepo, mlio wa kayamba na rangi za nguo huwa na nafasi kubwa. Katika miaka ya 1960, vijana wa Marekani na Uingereza waliozikaidi desturi za wazee wao walitafuta hali inayokaribiana na hiyo kwa kutumia LSD, dawa iletayo njozi. Njozi hizo zilijitokeza katika muziki, mabango, mavazi na maandishi yao. Miongoni mwa wasanii waliokulia katika wimbi hilo ni mzaliwa wa pwani yetu, Freddie Mercury.

Jina lake la awali lilikuwa Farrokh Bulsara. Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, katika familia ya Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta. Babake alikuwa keshia katika serikali ya kikoloni. Akiwa mtoto alipelekwa shule ya bweni huko Panchgani, India, ambako alijifunza piano. Mwaka wa 1964, baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, familia yake ilihamia Uingereza.

Kati ya 1966 na 1969 alisomea sanaa ya michoro katika Chuo cha Sanaa cha Ealing, London. Wakati huo Jimi Hendrix alikuwa akilitikisa jiji hilo kwa gitaa lake, naye Farrokh alimchora mara nyingi. Aidha, yeye na Roger Taylor waliuza nguo na michoro katika soko la Kensington. Hivyo basi, njozi za vijana wa wakati ule zilimfikia kupitia karatasi, kitambaa na sauti.

Mwaka wa 1970 walianzisha bendi ya Queen, na Farrokh akajiita Mercury. Yeye ndiye aliyeichora nembo ya bendi, yenye simba, kaa na ndege wa ngano. Katika albamu ya pili, ya 1974, alitunga wimbo kuhusu mchoro wa Richard Dadd, msanii wa karne ya 19 aliyeuchora akiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Mwaka wa 1975 aliandika Bohemian Rhapsody, wimbo wa takribani dakika 6 usio na kiitikio.

Alifariki London tarehe 24 Novemba 1991 kutokana na maradhi yaliyosababishwa na UKIMWI, akiwa na umri wa miaka 45. Mazishi yake yaliendeshwa kwa taratibu za dini ya wazazi wake.

Maisha yake yanadhihirisha kwamba athari ya njozi katika sanaa haipimwi kwa dawa pekee. Ulevi humtoka mtu kwa siku moja, lakini mchoro na wimbo vilivyofanyiwa kazi kwa bidii hudumu.