Meneja wa Mgodi wa Gwalia: Maisha ya Herbert Hoover

Wengi wetu tukilisikia jina la Herbert Hoover twakumbuka tu kwamba alikuwa Rais wa 31 wa Marekani. Ni wachache wajuao kwamba kazi iliyomfungulia njia ilikuwa umeneja wa mgodi wa dhahabu katika nchi kame ya Australia Magharibi, naye wakati huo alikuwa kijana wa miaka 23. Tumeyachagua maisha yake kwa sababu yanamgusa kila mtu aliyewekwa juu ya wenzake na kukabidhiwa daftari la mishahara.

Alizaliwa tarehe 10 Agosti 1874 katika kijiji cha West Branch, jimbo la Iowa. Baba yake, Jesse, alikuwa mhunzi. Mama yake, Hulda, alikuwa mhubiri katika mikutano ya Marafiki, wale Wakristo wanaoitwa Quaker. Mtoto huyu hakupata kukaa nao sana. Baba alifariki mwaka 1880, na mama akamfuata mwaka 1884. Yatima huyo wa miaka tisa alilelewa na ndugu, hata mwaka 1885 akapelekwa mbali, Oregon, kwa mjomba wake aliyekuwa daktari.

Chuo Kikuu cha Stanford kilipofunguliwa mwaka 1891, Hoover alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza. Alisoma elimu ya miamba, akamaliza mwaka 1895. Lakini kazi za wasomi zilikuwa haba siku zile, basi akaenda kusukuma matoroli ya mawe katika migodi ya California, usiku kucha, saa kumi kwa zamu. Tunaomba msomaji alikumbuke jambo hili: alijua kwa mikono yake mwenyewe jinsi kazi ya mgodini ilivyo.

Siku hizo watu walikuwa wakimiminika Australia Magharibi. Dhahabu ilikuwa imeonekana Coolgardie mwaka 1892, na Kalgoorlie mwaka 1893. Kampuni ya London iitwayo Bewick, Moreing ilikuwa ikitafuta mhandisi mwenye uzoefu, tena mtu mzima. Hoover alikuwa na miaka 22 tu. Akafuga ndevu ili aonekane mkubwa, na mwaka 1897 akashuka melini huko Australia.

Nchi aliyoikuta ilikuwa ya joto kali, vumbi na uhaba wa maji. Alizunguka kwa ngamia, akipima miamba na kuwashauri matajiri wa London ni mgodi upi ununuliwe na upi uachwe. Karibu na Leonora aliona mgodi mdogo ulioitwa Sons of Gwalia, akawashauri waununue. Wakaununua, na mwezi Mei 1898 yeye mwenyewe akawekwa kuwa meneja.

Hapo ndipo tunapomwona Hoover mwenye hesabu. Aliongeza saa za kazi kutoka 44 hadi 48 kwa juma. Aliondoa malipo maradufu ya kazi ya Jumapili. Zamani watu wawili walitoboa mwamba pamoja, mmoja akishika patasi na mwenzake akipiga nyundo; yeye akaagiza kila mtu ashike na kupiga peke yake. Wafanyakazi waliponung'unika, aliajiri Waitalia, ambao aliona hawatamsumbua kama wale waliokuwa na vyama vyao. Gharama zikashuka, na wenye hisa wakafurahi. Wachimbaji, waliokuwa wakiishi katika vibanda vya bati na turubai, hawakuwa na sababu ya kufurahi. Yule aliyewahi kusukuma toroli usiku sasa aliwaona wasukuma matoroli kama tarakimu katika daftari.

Hata hivyo hatuna budi kusema kweli yote. Hoover hakuwa mwizi wala mvivu, na mgodi ule haukuwa wa kudanganyia watu kama mingi ya wakati ule. Ulitoa zaidi ya wakia milioni 2.5 za dhahabu kabla ya kufungwa mwezi Desemba 1963, na kwa miaka hiyo yote ulilisha familia nyingi.

Hakukaa Gwalia hata mwaka mzima. Mwaka 1899 alimwoa Lou Henry, aliyesoma elimu ya miamba kama yeye, wakaenda Uchina. Baadaye akawa mbia wa kampuni, akatajirika.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, watu wa Ubelgiji walikabiliwa na njaa. Hoover aliacha shughuli zake, akaongoza kazi ya kuwapelekea chakula bila kupokea mshahara. Kipaji kile kile cha hesabu, cha meli, magunia na senti, sasa kililisha watu zaidi ya milioni tisa wa Ubelgiji na kaskazini ya Ufaransa. Njaa ilipoingia Urusi mwaka 1921, aliwapelekea chakula nao pia, ingawa aliichukia serikali yao.

Kwa sifa hizo Wamarekani walimchagua kuwa Rais, akaanza kazi mwaka 1929. Miezi michache baadaye uchumi ulianguka, mamilioni wakakosa kazi. Hoover aliamini kwamba msaada wa maskini watoke kwa majirani, vyama vya hisani na majimbo, wala si moja kwa moja katika hazina ya taifa. Mshahara wake mwenyewe aliutoa sadaka, lakini wenye njaa hawakuliona hilo. Waliviita vijiji vyao vya mabati na maboksi kwa jina lake, na mwaka 1932 wakamwondoa kwa kura.

Hadithi yake haikuishia hapo. Baada ya vita ya pili, Rais Truman alimwita tena, naye mwaka 1946, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, alizunguka nchi 38 akipima njaa. Mwaka uliofuata watoto wa shule milioni tatu na nusu wa Ujerumani walipata mlo kwa mpango wake.

Alifariki tarehe 20 Oktoba 1964, miezi kumi tu baada ya mgodi wa Gwalia kufungwa. Mgodi ulifunguliwa tena miaka ya 1980, na nyumba ya meneja ingali imesimama juu ya kilima.

Sisi hatumhukumu. Twaona tu kwamba mtu huyu hakubadili kipaji chake. Alikuwa mtu wa hesabu tangu Gwalia hadi uzeeni. Kilichobadilika ni kile alichokihesabu. Alipohesabu gharama peke yake, watu walimwogopa. Alipohesabu vinywa vyenye njaa, mamilioni waliishi. Nasi tulio na daftari mikononi, liwe la duka, la shamba au la chama, tulifungue na kutazama tena: majina yaliyomo ni ya watu.